Siku Bosko Hakumbwekea Mwuza Maji

"Mbwa wenu leo ameenda wapi?"

Aliyeuliza ni mwuza maji, mitungi bado iko mkokoteni. Sisi wenye mbwa hatukuwa tumegundua lolote. Kwa kawaida mkokoteni ule ukikunja kona tu, Bosko hupiga kelele mpaka majirani wanafunga madirisha. Siku hiyo, kimya.

Ilikuwa Februari 2017, Kahawa West, Nairobi. Bwawa la Ndakaini, linaloletea jiji maji, lilikuwa limepungua, mgao wa maji umeanza tangu Januari, na mfereji wetu ukifunguliwa unatoa hewa tu. Mtungi wa lita 20 tulikuwa tukinunua shilingi 50, na Mama aliihesabu mitungi yake kama mweka hazina wa chama. Jua nalo halikuwa na mzaha. Watu wa Mombasa hutucheka tukilalamikia nyuzi 29, lakini jaribu kukaa na nyuzi hizo ndani ya sanduku la mabati.

Bosko ndimo alimokaa. Baba aliamini kwamba mbwa wa ulinzi akishinda na watu mchana atawazoea, na usiku atamtikisia mwizi mkia. Basi alifungiwa saa kumi na mbili asubuhi, akafunguliwa saa nne usiku. Kibanda kilijengwa kwa mabati ya kioski kilichobomolewa, paa na kuta, mlango ndio pekee wa mbao. Kumpelekea maji saa sita ilikuwa kazi yangu. Siku hiyo sikwenda. Asubuhi nilikuwa nimemwekea nusu mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia, na kwa bei ile ya maji niliona inatosha.

Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya githeri. Mkebe ulikuwa umepinduka, sakafu kavu. Bosko alikuwa amelala ubavu, anatweta mbio mbio, ulimi na fizi nyekundu kupita kiasi, mate yananing'inia kama ute wa bamia. Nilimwita. Aligeuza jicho tu.

Daktari wa mifugo aliniambia kwenye simu nimpeleke kivulini, nimmwagie maji ya kawaida, hasa tumboni, mapajani kwa ndani na kwenye nyayo, huku napepea, kisha nimlete. Nisimlazimishe kunywa. Nisimfunike taulo bichi nikaliacha hapo, kwa sababu litapata moto na kumzuilia joto.

Niligeuka kumwomba Mama kopo moja la maji. Tayari alikuwa anaburuta mtungi mzima.

"Unangoja nini? Mwagia!"

Tulimaliza miwili, mimi namwaga, yeye anapepea kwa sinia. Kupata gari ndiko kulikotushinda. Dereva mmoja alimwona mbwa aliyelowa, akaangalia viti vyake, akaondoka. Mwuza maji akateremsha mitungi yake yote. "Dada, mlete hapa."

Ndivyo Bosko alivyofika kliniki, amelala kwenye mkokoteni, watoto wa mtaa wanatufuata kama ni harusi. Kipimajoto kilisoma 40.4, na hiyo ni baada ya maji yote yale. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo. Daktari alinieleza akiwa anatafuta mshipa wa kumwekea dripu: mbwa hana jasho kama letu, ana kidogo tu kwenye nyayo. Hujipoza kwa kutweta. Hewa anayovuta ikiwa moto kama ya mle kibandani, anatweta bure.

Jioni Baba alisoma risiti, akaisoma tena, hakusema neno. Kesho yake niliamshwa na nyundo. Alikuwa anang'oa mabati ya pande mbili aweke waya wa kuku, na kibanda kimeshasogezwa chini ya mwavokado.

Jumatano mkokoteni ulikunja kona. Bosko alimbwekea yule kijana kwa hasira zake zote, kama si yeye aliyebebwa juu yake wiki iliyopita.