Tulimsingizia jirani, kumbe ni rojo

Mbwa wetu anaitwa Afande. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu akiwa kitoto usiku halali, anazunguka nyumba tu. Ni mbwa koko wa kawaida wa huku Kitangiri, Mwanza, kilo 12, rangi ya mchanga.

Jumapili ya kipaimara cha binti yangu tulipika pilau la watu 60. Shemeji ndiye aliyeshika rojo, na rojo lake huwa nusu ni vitunguu. Jioni makombo yote yakaishia kwenye beseni la Afande: ukoko, rojo, kachumbari iliyolala kwenye bakuli. Alilamba mpaka beseni likasogea likagonga ukuta. Tulicheka.

Jumatatu mzima. Jumanne mzima. Jumatano hakuinuka kunipokea getini. Alhamisi asubuhi akakojoa pale kwenye saruji ya uani, nikaona mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikamfunua mdomo: fizi zimepauka kama ugali wa sembe, na anahema utadhani katoka kukimbia.

"Huyu wametilia sumu," baba watoto akasema.

Jirani wa juu kwenye mawe alishalalamika mara mbili kuhusu kuku wake. Basi nikapanda kwake na kanga yangu ya kulalia. Niliyoyasema huko sitayaandika hapa. Niliporudi nikamnywesha Afande nusu lita ya maziwa, maana huku kwetu sumu yoyote dawa yake maziwa.

Daktari wa mifugo alipofika, habari za jirani hata hakuzisikiliza. "Mama, siku tatu nne zilizopita alikula nini?"

Nikamtajia pilau. Nilipofika kwenye rojo akanisimamisha.

Kitunguu kina viambata vya salfa ambavyo kwa mbwa hushambulia chembe nyekundu za damu mpaka zinapasuka. Hazipasuki siku hiyohiyo, ndiyo maana mtu hakumbuki alichompa, anaanza kutafuta mchawi. Ule mkojo niliouona ulikuwa na rangi ya damu iliyovunjika. Kibichi, cha kukaanga, cha unga, vyote vinadhuru, na kitunguu saumu kina ukali zaidi. Kwa mbwa, gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumletea matatizo. Nikapiga hesabu: kwa Afande ni kuanzia gramu 180, yaani vitunguu viwili tu vya sokoni. Shemeji alikata sado nzima.

Na maziwa yangu je? Hayaondoi chochote. Kama ningemwita saa ileile ya beseni, angeweza kumtapisha kwa dawa. Siku ya nne kilichobaki ni dripu, kumpumzisha, na kusubiri mwili utengeneze damu nyingine. Alichukua kama wiki mbili kurudi getini.

Daktari alinitajia na vingine. Chokoleti, zabibu kavu (zile za kwenye keki huharibu figo), na bigijii zisizo na sukari, ambazo utamu wake hushusha sukari ya mbwa ghafla. Sawa, lakini Afande chokoleti ataipatia wapi? Mimi nilimuuliza vya kwetu. Machicha ya pombe: hapana, kilevi kinamdhuru haraka kuliko sisi. Kayabo, yaani samaki wa chumvi: chumvi ile ni nyingi mno. Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, ambayo ndiyo mboga yake ya kila siku: nyama sawa, ila mifupa ikishapikwa inavunjika vipande vyenye ncha, vinatoboa utumbo. Sasa nachemsha, nachambua kwa vidole, uti wa mgongo natupa shimoni. Ni kazi, sikatai. Na sufuria lake natenga kabla kitunguu hakijagusa mafuta, shemeji ananicheka kwamba siku hizi mbwa anapakuliwa kabla ya baba.

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena kwenye mawe, safari hii nimevaa gauni, na sato wawili kutoka soko la samaki la mwaloni Kirumba. Jirani akawapokea bila neno. Akafunua mashavu ya mmoja mmoja kuangalia kama bado ni mekundu, ndipo akanivutia kigoda.