Mtoto akiruhusiwa KCMC, mama aende kwa nani?

Mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa anafanyiwa upasuaji katika hospitali ya KCMC hapa Moshi, anaruhusiwa, mama anapanda gari la Rombo au Same, basi. Akifika nyumbani hajui pa kuanzia. Kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jambo hili liliniuma sana.

Kumpa orodha ya ofisi za kuomba msaada hakukusaidia. Mama aliyebeba mtoto hawezi kuzunguka mji mzima akiuliza. Nikaanza kuandika karatasi moja kwa kila mtoto, tunaibana ndani ya kadi yake ya kliniki kabla hawajaondoka. Juu kuna dalili za kurudi hospitali haraka, maana mpira anaowekewa mtoto wa kichwa kikubwa ili kutoa maji kichwani unaweza kuziba: kutapika, homa, usingizi usio wa kawaida. Chini, afisa ustawi wa jamii wa kwao, ambaye nimeshampigia mwenyewe, na mzazi wa jirani mwenye mtoto kama huyo.

Mzazi huyo ndiye ufunguo. Mama mmoja wa Rombo alikaa mkekani na mwenzake, wakarudia somo la wauguzi la kumtoa mtoto mkojo kwa mpira, taratibu, mikono imenawa. Hapohapo akaelekezwa seremala anayechonga kiti chenye mkanda wa kifuani. Ofisi gani ingemwambia hilo?

Kuhusu msamaha wa gharama za matibabu, ombeni barua ya mtaa au kijiji kabla ya safari, si mkishafika dirishani. Namba za simu hubadilika, kwa hiyo nazihakiki kila ninapoandika karatasi mpya.