Mchepuo wa sayansi ya siasa: anza kupanga kutoka mwaka wa mwisho

Ukisoma sanaa huria (liberal arts) katika chuo cha Marekani, kwa kawaida unatakiwa kutangaza somo lako kuu kabla mwaka wa pili haujaisha. Shahada ina krediti kama 120. Kozi ikiwa ya krediti 3, hizo ni kozi 40, na somo kuu huchukua 10 hadi 12 tu. Toa kozi za utangulizi, mbinu za utafiti na semina ya mwisho: unabaki na tano au sita za kuchagua mwenyewe. Hizo ndizo zinazoamua umesomea nini hasa.

Idara nyingi za sayansi ya siasa zina michepuo minne, yaani maeneo ya kubobea ndani ya somo kuu. Ili kujua wako, tazama maswali yanayokukosesha usingizi. Kwa nini Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda kaunti 47, na ugatuzi umebadilisha nini? Hizo ni siasa linganishi. Kwa nini nchi zilizotia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1999 bado zinavutana kuhusu ushuru? Huo ni uhusiano wa kimataifa. Azimio la Arusha lilidai nini kuhusu usawa, na hoja yake inasimama? Nadharia ya siasa. Mchepuo wa nne ni siasa za Marekani zenyewe: Bunge lao, mahakama, kura 270 kati ya 538 za wajumbe wanaomchagua rais. Wengi wetu hukimbilia uhusiano wa kimataifa kwa sababu jina lake linanukia ubalozi, kumbe maswali yetu yote ni ya siasa linganishi.

Ukishapata mchepuo, usiridhike na orodha ya kozi iliyo kwenye tovuti ya chuo. Fungua ratiba za mihula minne iliyopita uhesabu kozi za ngazi ya juu zilizofundishwa kweli. Katika idara ndogo, mhadhiri mmoja akienda likizo ya utafiti, siasa za Afrika zinaweza kutoweka mwaka mzima. Mchepuo wenye kozi mbili tu za juu katika miaka miwili haukutoshi, hata uwe na jina zuri kiasi gani.

Kinachowaangusha wengi ni mbinu za utafiti. Aliyesoma HGL au HKL (tahasusi za sanaa za kidato cha tano na sita Tanzania) na kuagana na hesabu kidato cha nne huisogeza kozi hiyo mbele kila muhula. Lakini mara nyingi ndiyo sharti la kuingia semina ya mwaka wa nne, na huenda inafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukienda kusoma nje ya chuo mwaka wa tatu, unaikosa, na tasnifu nayo inakwama. Isome mwaka wa pili, pamoja na takwimu. Jifunze R au Stata, programu za kuchambua takwimu, hapo hapo, ungali na mtu wa kumuuliza.

Kwa tasnifu, Kiswahili ni mtaji mkubwa. Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge la Tanzania ziko kwa Kiswahili. Ukizisoma bila mkalimani, una data ambayo wenzako darasani hawaifikii. Chagua hoja moja, kipindi kifupi, na wabunge unaoweza kuwalinganisha.

Wenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi ya Marekani, wana hesabu nyingine. Baada ya kuhitimu, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako ni miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 ni ya fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na sayansi ya siasa kwa kawaida haimo. Ukichanganya na uchumi, muulize msajili programu hiyo imesajiliwa kwa msimbo gani kabla ya kutangaza, maana msimbo ndio unaoonyesha kama inahesabiwa kuwa STEM.

Na kama lengo ni uwakili, amua mapema utafanya kazi wapi. Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na somo lolote kuu linakubalika. Tanzania na Kenya njia ya kawaida huanzia LLB, shahada ya kwanza ya sheria, kwa hiyo ukirudi na sayansi ya siasa peke yake, LLB bado inakusubiri.