Drafti ilivyokuwa inanirusha mkono

Wenzangu kijiweni walidhani nafanya makusudi. Nimeshika kizibo cha soda, nawaza nile wapi, mara mkono unashtuka na kizibo kinatua kwenye kikombe cha kahawa cha jirani. Nikitazama wengine wakicheza, hakuna kitu. Shida ilikuwa nikifikiri mwenyewe, tena mkono ukiwa kazini.

Nilipuuzia hadi usiku nilioanguka katikati ya mchezo. Nilizinduka nimejiuma ulimi, mzee mmoja ananinusisha kiatu. (Kiatu hakitibu kifafa, jamani. Mlazeni mtu ubavu.)

Hospitali niliandikiwa kabamazepini, dawa ya kifafa. Mishtuko ikazidi, hasa asubuhi. Mswaki ulikuwa unaniponyoka. Daktari wa pili, bingwa wa mishipa ya fahamu, ndiye aliyeuliza huwa nakuwaje asubuhi. Akanipima umeme wa ubongo, na waya zikiwa kichwani akanipa hesabu nipige huku naandika. Mistari ya kipimo ikachafuka. Akasema ni kifafa cha mayokloni cha ujana, yaani kile cha misuli kushtuka ghafla, na kwamba ile dawa ya kwanza inaweza kuchochea mishtuko ya aina hii. Akanihamishia dawa nyingine, valproeti, taratibu. Wanawake wanaoweza kushika mimba kwa kawaida hutafutiwa nyingine, maana hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

La mwisho aliloniambia lilikuwa usingizi: kukesha huamsha kifafa hiki kuliko hata drafti.

Huu ni mwezi wa tano mfululizo mswaki haujaanguka. Nacheza mchana tu, na kidole kikianza kurukaruka naweka kizibo chini. Wananiita mwoga. Jumapili niliwafunga sita mfululizo.