Ndara yangu iliyoingia chini ya mnara

Mwaka 1999, likizo ya mwezi wa nane, mjomba wangu, mvuvi, alikuwa yuko nyumbani tu manake kusi, ule upepo wa kusini, lilikuwa limechachamaa na vyombo vidogo vyote vimevutwa mchangani. Ilikuwa mwezi mwandamo kumi na tano, bamvua, yani maji makuu, akanambia, "Mjomba, tukishaswali alasiri nakupeleka mnarani, leo maji yajaa saa kumi utaona."

Nilikuwa na miaka kumi, nimezaliwa Malindi, na mnara wa Vasco da Gama nilikuwa nauona kwa mbali tu ule weupe wake. Tukapita lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, tukaenda mpaka kwenye mwamba wenyewe, jiwe la matumbawe lenye ncha kali limejitokeza baharini, huku na huku ni maji. Upepo hata kusema na mtu lazima umsogelee sikio.

Mjomba hakupenda vile skuli walivyotusomesha ile habari. Mreno alikuja Aprili 1498, ametoka Mombasa kwa ugomvi, sultani wa Malindi akampokea na akampa rubani, na mwezi haukutimia wakawa wamefika Calicut, kule Bara Hindi. "Sasa nani alompeleka?" akaniuliza. "Kusi ndo lilikuwa laanza, na rubani ndo alojua njia. Angekuja wakati wa kaskazi, upepo watoka huko aendako, angekaa hapa ale samaki mpaka upepo ugeuke." Akanionyesha msalaba juu, lile jiwe lilitoka kwao Lisbon, mwanzo lilisimamishwa karibu na kwa sultani, watu wakakataa msalaba, likaondolewa, baadae ndo likaletwa hapa. Halafu akapigapiga ule mnara kwa kiganja. "Hili lililolizunguka ni tumbawe, lilijengwa baadae sana. Jiwe lao lashikwa na jiwe letu." Mpaka leo nikipaona hapo huwa nalikumbuka hilo kwanza kabla ya jina la Mreno.

Kisha akasema, "Lala kifudifudi, usisimame." Tukatambaa wote wawili mpaka ukingoni, kanishika mshipi wa suruali. Wimbi likija halipigi jiwe kama nilivyodhani, yani laingia chini, kimya kidogo, halafu ndo wasikia *dum*, na siyo kwa masikio, wasikia kwa tumbo uliloliweka juu ya jiwe. Povu likapanda likatupita vichwa likatuangukia mgongoni, chumvi mdomoni, kaa wakikimbia ukutani kutafuta mashimo.

Nikiwa najivuta nisogee zaidi ndara ya mguu wa kushoto, ambayo kwa ujinga nilikuwa nimeivua nikaiweka pembeni yangu, ikasukumwa na maji ikaanguka. Nikaiona ikielea, ya buluu, wimbi likaichukua likaipeleka moja kwa moja chini yetu. Nikangoja irudi. Haikurudi. Likaja wimbi la pili, la tatu, mjomba pia katulia aangalia, halafu ikatokeza upande mwingine kabisa wa mwamba, ule tuliouacha nyuma.

Mjomba hakusema neno. Alinivuta kwa ule mshipi mpaka mnarani, tena kwa nguvu, shati langu likachanika kifuani. Miaka yote kavua hapo chini na alijua kuwa kuna pango, lakini nadhani hakujua laenda mbali vile. Akasimama kaangalia pale tulipokuwa tumelala, halafu akaangalia mnara, halafu pale tena.

"Twende, mjomba," akasema.

Akavua ndara zake akanipa, zilikuwa kubwa zanipwaya, yeye akatembea miguu mitupu juu ya zile ncha kama aliyekanyaga mkeka, na kila wimbi likipiga nyuma yetu alikuwa asimama kidogo, asikiliza kwa nyayo.