Milango ya fahamu na kengele ya ng'ombe

Somo la milango ya fahamu huwa linapitishwa mbiombio. Mwalimu anachora uso kwenye manila, anaubandika ukutani, watoto wanaimba macho ya kuonea na pua ya kunusia, wiki inakwisha. Mimi kila mwaka nalipenda zaidi na kila mwaka naliongezea siku. Herufi, namba, hata salamu ya asubuhi, vyote vinaingia kwa mtoto kupitia humo. Mlango mmoja ukiwa na hitilafu na mwalimu hajui, mtoto ataitwa mzito wa kuelewa miaka na miaka.

Tulianza na ulimi kwa kuwa ni msimu wa zabibu. Hapa Hombolo, mkoani Dodoma, mwezi huu hazitafutwi mbali, na mzazi mmoja alituletea ndoo nzima, zilizoiva zimechanganyika na ambazo bado. Nikawaambia watoto wasikimbilie kumeza: tafuna ganda peke yake kwanza, halafu niambie. Nilitarajia "tamu" na "chachu", nikazipata. Kisha binti mmoja akatoa ulimi nje, akaupangusa kwa kiganja, akasema, "Mwalimu, inanikamata ulimi."

Hakuna aliyemfundisha, na ndivyo ilivyo kabisa. Kwenye ganda na mbegu za zabibu mna tanini, ambazo hushikamana na protini za mate. Mate yakipoteza utelezi, ulimi unakwaruza. Ukakasi ni kitu tunachokihisi kwa mguso ndani ya kinywa zaidi ya kukionja. Nikamsifu mbele ya wenzake, tukatafuna tena wote huku tukipitisha ulimi kwenye kaakaa. Na kuna ule mchoro wa zamani unaougawa ulimi mafungu, utamu mbele, uchungu nyuma. Si kweli. Popote penye vinundu vya kuonjea, ladha zote zinaonjeka. Aliye nao ukutani auondoe.

Pua haikutuchukua muda. Bana pua, tafuna ndizi mbivu, unapata utamu mtupu. Achia, ladha ya ndizi inarudi. Walirudia mpaka ndizi zikaisha.

Lililonikaa moyoni lilitokea siku ya masikio. Watoto walikaa duara chini ya mwarobaini, kila mmoja amefumba macho na kuyaziba kwa viganja vyake. Sitaki kanga moja ipite usoni kwa darasa zima, maana trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, imewatesa watu wa mkoa huu vya kutosha, na kuchangia vitambaa vya uso ni mojawapo ya njia zake. Nikazunguka nje ya duara na kengele ya ng'ombe niliyoazima. Natikisa mara moja, nasimama, nawaambia wanyooshe kidole inakotoka sauti. Vidole vikawa vinanifuata kama alizeti zinavyofuata jua, isipokuwa cha mvulana mmoja. Yeye alionyesha kulia. Nikahamia kushoto kwake, akaonyesha kulia. Nikasimama nyuma yake, kulia tena, wala hakusita.

Kengele alikuwa anaisikia. Alichokosa ni upande inakotoka, na kuujua upande kunahitaji masikio mawili. Sauti ya kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo na kwa nguvu zaidi. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huipima na kujua ugeuke wapi. Sikio moja likiziba, kila sauti ya dunia inatoka kwenye lile zima.

Mama yake alipokuja kumchukua nikamvuta kando, nikamuuliza kama mtoto amewahi kulalamika sikio.

"Huyu ni mkaidi tu, mwalimu. Unamwita, anatazama kwingine."

"Naomba simama huku kushoto kwake, mama, umwite kama unavyomwita siku zote."

Akamwita. Mtoto akageuka kulia kumtafuta. Mama akahamia upande wa pili, akamwita kwa sauti ile ile, akaitika papo hapo. "Nimemchapa kwa hili, mwalimu," akasema. Ndipo akakumbuka mafua ya mwezi wa kwanza, na usaha uliokuwa unalowesha mto. Kwa watoto wadogo mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikio la kati ni mfupi na umelala zaidi kuliko wetu, ndiyo maana mafua huwapanda masikioni upesi. Kesho yake zahanati wakakuta uambukizo wa sikio la kati. Ameanza dawa na ameambiwa arudi kuangaliwa.

Nimemhamishia mstari wa mbele, mwisho kabisa upande wa kushoto, sikio zima lielekee kwangu na kwa wenzake. Walimu wenzangu wa darasa la awali, kama hamna kengele, kifuniko cha sufuria na kijiko vinatosha. Fanyeni Januari, kabla ya herufi ya kwanza, na mzunguke pande zote nne. Mimi Jumatatu naingia kwenye ngozi. Mwenzangu anayekwenda Buigiri ameahidi kuniombea ukurasa wa nukta nundu kwenye ile shule ya watoto wasioona, darasa langu liguse maandishi yanayosomwa kwa kidole.