Nilivyoacha Kutafsiri Matangazo Nikaanza Kuyaandika

Nilipoajiriwa na wakala mmoja wa matangazo mtaani Kilimani, Nairobi, cheo nilichopewa kilikuwa cha mwandishi wa matangazo, lakini kazi niliyokabidhiwa ilikuwa ya kutafsiri. Wenzangu walikaa na mteja, wakabuni wazo kwa Kiingereza, wakalijadili kwa wiki mbili au tatu, kisha siku moja kabla ya kwenda studio nikaletewa karatasi na kuambiwa niiweke kwa Kiswahili kabla ya saa kumi. Mimi ni mzaliwa wa Voi, na nadhani hilo pekee ndilo lililowafanya waamini kwamba Kiswahili kingenitoka kama maji ya bomba.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa msamiati bali muda. Tangazo la redio la sekunde 30 lililotungwa kwa Kiingereza, likigeuzwa neno kwa neno, hufurika, kwa kuwa maneno yetu yana silabi nyingi; msomaji akilikimbiza ili alimalize, husikika kama makanga anayeita abiria, na bei, ambayo ndiyo msikilizaji aliyokuwa akiingoja, humezwa mwishoni. Nilikata sifa moja baada ya nyingine, mkuu wangu akizihesabu na kuuliza moja imeenda wapi.

Kilichonitoa huko ni sabuni ya unga. Mteja alitaka kusukuma pakiti ndogo za shilingi 10, zile ambazo wenye vioski huziita kadogo, na wazo lake la kwanza lilikuwa droo: mnunuzi atume ujumbe mfupi, aweze kushinda pikipiki. Msimamizi wetu alimweleza kwamba shindano la aina hiyo lilihitaji leseni ya Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, na kwamba nambari za simu ambazo tungekusanya zingetuweka chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka mtu aelezwe habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Muda wa hayo yote haukuwapo. Tukaangukia njia ya zamani kuliko zote, ya kununua mbili na kupewa ya tatu.

Kibali cha kaunti cha kuweka lori na bango kilichelewa hadi Ijumaa mchana, hivyo bango lilichapishwa River Road usiku uleule. Mimi nilikuwa nimeandika, "Nunua pakiti mbili, upate ya tatu bure." Msanifu aliyaona maneno hayo kuwa marefu, akaweka mawili tu kwa herufi kubwa, SABUNI BURE, na masharti akayateremsha chini kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Picha yake niliiangalia kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, nikajibu kwamba ni sawa. Kwa hiyo katika haya sina wa kumlaumu.

Jumamosi saa mbili asubuhi bango liliinuliwa Kawangware, karibu na kituo cha matatu za njia ya 46. Mama mmoja muuza nyanya alilisoma kwa sauti, akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia jirani yake.

"Sabuni bure! Angalau hawa wamesema ukweli."

Walicheka hadi mmoja wao akashika kiuno. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa: mtu bure ni mtu asiyefaa kitu, na sabuni bure, iliyoachwa hivyo bila kitenzi cha kuishika mkono, ni sabuni iliyotukanwa na wenyewe. Waliolielewa bango vile tulivyokusudia walituletea shida kubwa zaidi, maana walinyoosha mikono wapewe, na vijana wa promosheni wakashinda wakibishana nao juu ya herufi ndogo ambazo hakuna aliyeziona.

Nilikwenda kwa yule mama nikijifanya mnunuzi, kwa kweli nikitafuta mahali pa kujificha. Aliuza nyanya kwa mafungu ya shilingi 20. Mteja aliyenitangulia alilipa, mfuko ukafungwa, lakini hakuondoka. Alisimama tu, mama naye, bila kusema neno, akachukua nyanya moja akaitupia juu. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kwa huruma.

"Msichana wangu, usipomwekea nyongeza, kesho atanunua kwa yule pale."

Neno nililokuwa nikilitafuta kwenye kamusi kwa miezi minane lilikuwa juu ya fungu la nyanya.

Jirani na hapo palikuwa na fundi aliyekuwa akichora ukuta wa kinyozi. Tulilishusha bango, tukaligeuza upande wa nyuma, ambao ulikuwa mweupe, naye akauliza swali ambalo ofisini halijaulizwa hata siku moja: watu watalisoma wakiwa wamesimama au wakitembea? Nilipojibu kwamba wanatembea, alikataa katakata kuandika zaidi ya maneno matatu. Kufikia saa saba mchana bango lilisema MBILI NA NYONGEZA, na mshereheshaji juu ya lori akabadilisha wito wake kuwa, "Chukua mbili, tukuwekee nyongeza!" Mabishano yalikwisha, na maboksi tuliyokuja nayo yakamalizika kabla ya saa kumi. Sitadai kwamba ni neno pekee lililoyamaliza, kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi na watu walikuwa na pesa.

Jumatatu mteja alilalamika kwamba nyekundu ya fundi haikufanana na nyekundu ya pakiti, na alikuwa na haki. Idara ya uhasibu nayo ilikataa risiti ya fundi iliyoandikwa kwa kalamu, kwa kuwa tangu Januari 2024 Mamlaka ya Ushuru, inapokokotoa kodi, kwa kawaida haitambui gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Shilingi 1,500 zikatoka mfukoni mwangu. Hata hivyo tangazo la redio la sabuni ile nilipewa niliandike mwenyewe tangu mwanzo, bila karatasi ya Kiingereza, na nilitunga mazungumzo ya mama na mteja asiyetaka kuondoka. Lilisomwa kwa mwendo wa kawaida likachukua sekunde 26.

Tangu hapo naitwa katika kikao cha kwanza na mteja, na kabla ya kuandika hupewa siku nzima ya kusimama mahali bidhaa inapouzwa. Nyongeza ya mshahara niliiomba mwezi uliofuata, nikajibiwa kwamba bajeti ya mwaka ilikuwa imeshafungwa.